Zamu za Abilahi

Transista ya tatu ilipopasuka, watu wa Nangumbwe waliacha kusema pampu ni mbovu. Walianza kumtazama Abilahi.

Nangumbwe ni kijiji cha ujamaa, njia ya kutoka Mingoyo kwenda bara, juu ya bonde la mto Lukuledi. Watu walihamishiwa hapo kutoka kwenye mikorosho yao, wakaahidiwa shule, zahanati na maji ya bomba. Shule ilikuja. Zahanati ilikuja jengo bila dawa. Maji yalichelewa mpaka walipofika wageni wa mradi, wakafunga jenereta na betri kilimani, wakateremsha nyaya mbili hadi mtoni, wakajenga kibanda cha matofali na kuweka pampu ndani yake. Kando ya pampu walitundika sanduku la chuma lenye swichi ya kuzungusha, namba moja hadi nne. Kazi ya sanduku ilikuwa kuukata umeme wa betri vipande vipande, mamia ya vipande kwa sekunde. Vipande vikiwa vingi pampu inakwenda mbio, vikiwa vichache inakwenda polepole. Kilichofanya kazi ya kukata ni transista moja kubwa, nene kama kifuniko cha chupa ya chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikipasuka.

Wahudumu wa pampu walikuwa wawili wakipokezana, Petro na Abilahi. Zamu za Petro pampu ilivuma bila tatizo. Mara zote tatu mlio ule kama wa fataki ulisikika Abilahi akiwa peke yake kibandani, na mara zote kijiji kizima kikarudi mtoni na ndoo.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Redio ilitaja wahujumu uchumi asubuhi na jioni, na watu walikuwa wakificha hata sabuni waliyoinunua kwa halali. Katika mwaka kama huo mtu hakuhitaji ushahidi mwingi. Mwanasha, mke wa Abilahi, alikuwa na kaka aliyeitwa Ismaili, mchuuzi wa maji kwa baiskeli. Pampu ikifa, Ismaili anapata wateja. Watu wakaunganisha hili na lile, na mambo yakakaa sawasawa vichwani mwao.

Mhandisi alipoletwa kutoka Lindi, watu walitegemea mwanamume mwenye bisibisi. Aliyeshuka kwenye Landrova alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Skolastika, mzaliwa wa Newala, aliyekuwa amesoma Hungaria. Bisibisi alikuwa nazo, lakini alikuwa pia na kasha la mbao lililofungwa kamba, akakataza mtu yeyote asilibebe ila dereva na yeye mwenyewe. Akapewa chumba kitupu cha zahanati, kilichopakana na nyumba ya jenereta. Alipolifungua kasha, mlango ulijaa watu. Ndani mlikuwa na televisheni ndogo, kinanda cha herufi, na kinasa sauti cha kaseti.

Katibu wa tawi, Klementi, aliwatawanya watu, kisha akabaki yeye.

"Hii televisheni inaonyesha nini, Ndugu Mhandisi?"

"Haionyeshi picha za mbali, Ndugu Katibu. Inaonyesha hesabu zangu. Hii ni kompyuta."

"Kompyuta zimepigwa marufuku kuingia nchini."

"Hii iliingia kwa kibali cha mradi. Kibali kiko Lindi, ukitaka kitaletwa."

"Ina antena?"

"Haina."

Hata hivyo Klementi alizunguka nyuma ya meza, akapapasa ukuta, akafuata waya wa umeme kwa kidole hadi mwisho wake. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyezoea kuambiwa uongo na kuujua. Aliporidhika kidogo akauliza kompyuta inahusiana nini na pampu.

"Naigiza pampu yenu humu ndani," Skolastika akasema. "Betri, nyaya, sanduku, pampu yenyewe, vyote naviandika kwa namba. Halafu naiambia ikate umeme kama sanduku linavyokata, nione kinachotokea. Transista zimebaki tatu tu za akiba. Siwezi kujaribu kwa hizo. Humu nikiipasua transista mara mia, hakuna hasara."

Klementi akaitazama televisheni.

"Na Abilahi utamwandika kwa namba gani?" akauliza.

Skolastika alicheka kidogo. Klementi hakucheka.

Kesho yake Skolastika alikwenda kibandani kumhoji Abilahi. Alimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtu wa makamo, mwembamba, kofia ya mkeka kichwani, pampu kimya mbele yake. Wakaamkiana. Abilahi alijibu maswali kwa ufupi kama mtu anayelipa kodi.

"Ulikuwa umeiweka namba ngapi ilipopasuka?"

"Mbili."

"Zote tatu?"

"Zote."

"Petro anasema yeye huiweka tatu."

"Petro ni Petro. Kiangazi hiki mto umenywea. Ukienda tatu inavuta tope. Mimi naiweka mbili."

Alisema hivyo akiangalia mlango. Skolastika akayafuata macho yake, akaona mgambo wawili wamesimama mbali, wanajifanya wanakata fimbo.

"Na ile iliyopasuka mwisho iko wapi? Sandukuni haimo."

"Nimeihifadhi nyumbani. Nataka kuipeleka Lindi kwa fundi wa redio, labda inatengenezeka."

Skolastika alijua haitengenezeki. Kitu kile kikipasuka kimepasuka. Lilimjia wazo kwamba mhudumu wa pampu lazima naye alijua hivyo. Akaaga. Lakini alipokuwa akipanda kilima kurudi, maneno yale yalimwasha kidogo, kama unywele ndani ya kola.

Akafanya kazi. Mchoro wa wageni ulionyesha nyaya mbili zikishuka moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi sandukuni. Akaandika urefu wake na unene wake kama mchoro ulivyosema. Akaandika kapasita ya sandukuni, lile kopo linalohifadhi umeme kidogo ili kulainisha mkato. Akaandika transista na kiwango cha volti inachoweza kuvumilia. Kisha akaiachia mashine. Ilihesabu polepole mno. Muda wa kufumba na kufumbua kwa pampu ulikuwa mchana mzima kwa kompyuta, na jenereta ikizimwa kwa kukosa dizeli, kila kitu kilianza upya. Watu waliopita dirishani walimwona ameketi akiangalia mstari mweupe ukitambaa kwenye kioo, wakaambiana kwamba hasomi, anasubiri kusemeshwa.

Mstari ulikwenda laini. Namba nne, laini. Namba tatu, laini. Namba mbili, laini zaidi, kwa kuwa umeme wenyewe ulikuwa mdogo. Transista haikukaribia hata nusu ya kiwango chake.

Siku ambayo mstari wa mwisho ulikamilika, mgambo walipekua nyumba ya Abilahi. Chini ya godoro, ndani ya kitambaa, wakakuta transista iliyopasuka.

Halmashauri ya kijiji ilikutana alasiri ile ile. Mwenyekiti Abdurahmani, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, aliiweka transista mezani mbele ya watu wote, juu ya kitambaa chake. Abilahi alisimamishwa kando ya mlango. Chumba kilikuwa na joto na hakuna aliyekuwa akijipepea.

"Ndugu Mhandisi," mwenyekiti akasema, "mashine yako imesemaje?"

"Shikamoo mzee. Kwa hesabu nilizofanya, transista haiwezi kupasuka yenyewe kwenye namba mbili."

"Yenyewe," akarudia mzee.

"Kwa hesabu nilizofanya."

"Basi imepasuliwa," akasema Klementi.

Abilahi akanyanyua kichwa. Hakumtazama katibu wala mwenyekiti. Alimtazama Skolastika. "Ile sikuificha," akasema. "Niliihifadhi. Yupo aliyeambiwa."

"Nani?" akauliza Klementi.

Abilahi alisubiri. Skolastika alifungua mdomo. Ndani yake palikuwa na mambo mawili yanavutana: kweli aliambiwa, na kweli alipoambiwa hakuamini. Kama akisema, ataonekana anamtetea mtu ambaye hesabu zake mwenyewe zimemtia hatiani. Na kama yule mtu alimwambia makusudi, ili siku kama ile awe na shahidi? Alipokuwa bado anajiuliza, mwenyekiti alishageukia jambo jingine: nani ataazima gari la kumpeleka mtuhumiwa polisi Lindi.

Gari lilikuwa moja tu. Skolastika akatoa ruhusa.

*

Mwanasha alikuja zahanati siku ya pili yake, kanga mbili, miguu imejaa vumbi. Hakubisha hodi. Skolastika akainuka.

"Shikamoo mama."

Mwanasha hakuitikia. Alikuwa akiitazama televisheni. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe ulipomwona mume wangu."

"Mama, hii haioni watu. Inaona umeme tu."

"Haioni watu."

"Haioni."

"Basi mbona imemtaja?"

Skolastika akasema mashine haikumtaja mtu, ilisema tu kwamba sanduku lilivyo haliwezi kuharibika hivyo. Alijisikia anaongea kama mtu anayetembea kwenye utelezi. Mwanasha akamsikiliza mpaka mwisho, akavuta kanga yake vizuri.

"Marahaba," akasema, kwa salamu iliyokuwa imekwisha poa, akaondoka.

Skolastika akajiambia kwamba kazi haijaisha, pampu bado imekufa. Akachukua transista moja ya akiba, akashuka mtoni, akaifunga, akamwomba Petro awashe namba tatu. Pampu ikavuma, maji yakapanda kilimani, watoto wakapiga kelele. Kila mtu akasema: si mnaona? Abilahi hayupo, maji yapo.

Alipima volti pale sandukuni kwa mazoea tu, maana alifundishwa kwamba hesabu isiyopimwa ni hadithi. Mita ilisoma chini ya kile ilichosema kompyuta. Akabana vizuri vishikio vya mita, akapima tena. Ni kweli umeme hupotea kidogo njiani ndani ya waya, na hesabu zake zilikuwa na upotevu huo. Lakini hapa ulipotea zaidi. Umeme ulitoka kilimani ukiwa mwingi na kufika mtoni ukiwa umepungua, kana kwamba kuna mahali unanyweka.

Wazo lake la kwanza lilikuwa mwizi. Sasa naye alikuwa mtu wa Nangumbwe kama wengine.

Akaanza kuufuata waya kutoka kilimani, nguzo baada ya nguzo, macho juu, akitafuta mahali mtu alipojiunga. Nyumba za kijiji zilikuwa zimepangwa mistari chini ya nguzo hizo, na kila nyumba aliyoipita aliitilia shaka. Hapa kuna redio inayolia sana. Pale kuna mzee aliyeingia ndani haraka alipomwona. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa na kamba nyembamba iliyotoka darini hadi kwenye mti, akaisogelea, akakuta ni ya kuanikia nguo. Watu walimwona anavyotazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta mtama aliacha kupepeta, akampa mgongo.

Hakukuwa na mwizi. Nyaya zote mbili zilishuka safi, bila kuguswa, hadi mtoni. Alikaribia kukata tamaa alipoona jambo dogo. Waya mweusi uliingia kibandani moja kwa moja, kupitia tundu la ukutani. Waya mwekundu haukuingia. Ulipita kando, ukaenda nyuma ya kibanda, kwenye banda la makuti ambamo kijiji kilihifadhi mifuko mitupu ya saruji. Halafu ulitokea upande wa pili na ndipo ukaingia.

Akaingia bandani, akaondoa mifuko, akafunua turubai. Lilikuwa gurudumu la mbao, lile la kusafirishia waya, na juu yake waya mwekundu umezungushwa tabaka juu ya tabaka, mnene kama chatu aliyelala. Umeme wote wa pampu ulikuwa ukipita humo kwanza, mzunguko baada ya mzunguko, kabla ya kufika sandukuni.

Skolastika akaketi juu ya mifuko ya saruji. Alihisi uso unamchoma. Waya ulionyooka ni kitu kimoja. Waya uliozungushwa ni kitu kingine kabisa. Koili kama ile haipendi umeme ukatwe. Ukiukata, inausukuma mbele kwa nguvu, kama watu wanaokimbia wakafungiwa mlango ghafla. Mchoro haukuwa na koili. Kwa hiyo kompyuta haikuwa na koili. Ilikuwa imefanya hesabu sahihi za pampu ambayo haikuwa ya Nangumbwe.

Petro ndiye aliyemweleza. Pampu ilipangwa kukaa mbali zaidi, kwenye kona ya mto, lakini ukingo wa pale ulibomoka mvua za kwanza, wageni wakaisogeza karibu. Waya mweusi ulikuja kwa vipande, ukatosha. Mwekundu ulikuja mzima, ukabaki mwingi. Mafundi walitaka kuukata.

"Mwenyekiti akakataa," akasema Petro. "Alisema mali ya umma haikatwi, iko siku tutairudisha pampu kule."

Skolastika alipanda kilimani, akauandika waya upya, safari hii na gurudumu lake, na akakaa mbele ya kioo mpaka jenereta ilipozimwa, na kesho yake tena. Namba nne, mstari ulitikisika, ukatulia. Namba tatu vivyo hivyo. Namba mbili ulianza laini. Kisha ukainuka kidogo, ukashuka, ukainuka zaidi, ukashuka. Kila mkato uliukuta umeme ukiwa katikati ya koili na kapasita, unakwenda na kurudi kama bembea, na kila mkato uliusukuma kwa wakati wake hasa, kama mtu anayejua kusukuma. Katika namba nyingine mikato ilikuja bila kupatana na bembea. Katika namba mbili ilipatana. Mstari ukapanda hadi kwenye kiwango cha transista, ukakivuka.

Abilahi, kwa kuepa tope, ndiye peke yake aliyekuwa akiiweka pampu namba mbili.

Skolastika hakuhisi furaha ya kugundua. Alizima televisheni, akaona uso wake mwenyewe umebaki kwenye kioo cheusi, akatoka nje.

*

"Juzi mashine yako ilisema hivi," Klementi akasema mbele ya halmashauri, "leo inasema vile. Kesho itasema nini?"

"Inasema ninachoiambia, Ndugu Katibu. Juzi niliiambia kisichokuwepo. Kosa ni langu, si la Abilahi."

"Au umeonana na ndugu zake."

Minong'ono ikapita chumbani. Mwanasha alionekana akiingia zahanati. Kila mtu alijua. Skolastika alimtazama Klementi na kutambua kwamba hakumchukia. Mtu yule alikuwa anafanya kile kile alichokifanya yeye alipokuwa akipita chini ya nguzo.

"Msiiamini mashine," akasema. "Wala mimi. Twendeni mtoni. Transista zimebaki tatu, moja imo sandukuni. Tuiweke namba mbili mbele ya watu wote. Ikipona, mimi ni mwongo. Ikipasuka, tuuondoe waya wa bandani, tufunge nyingine, tujaribu tena namba mbili."

"Na hiyo nayo ikipasuka?" akauliza mwenyekiti.

"Tutabaki na moja, mzee, na mtanijua mimi ni mtu wa namna gani."

Mzee Abdurahmani alikuwa hajasema mengi tangu alipotajiwa gurudumu. Aliinuka, akachukua bakora yake, akatangulia.

Kijiji kizima kiliteremka. Mwanasha naye alikuja, akasimama peke yake. Watu walimwachia nafasi pande zote kama mwenye ugonjwa. Skolastika hakuigusa swichi. Alisema atakayeizungusha ni katibu, ili asiwepo wa kusema kuna mkono wa mtu. Klementi alisita. Alilikagua sanduku juu na chini, akachungulia nyuma, akamtazama Petro, akamtazama mhandisi. Alikuwa akinusa mtego. Lakini macho yalikuwa mengi. Akashika swichi, akaiweka namba mbili.

Pampu ilivuma sauti nzito, ya taratibu. Maji yakapanda. Watu walisubiri. Mtu mmoja akaanza kusema, "Si mnaona..." ndipo mlio ukapiga. Moshi mwembamba ukatoka sandukuni, pampu ikalegea, ikanyamaza. Mkono wa Klementi ulikuwa bado karibu na swichi.

Katika ukimya ule Mwanasha akauliza, bila kupaza sauti, "Hii ni zamu ya nani, Ndugu Katibu?"

Klementi akauondoa mkono. Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti aliagiza msumeno wa chuma. Skolastika alizima umeme wa kilimani, kisha akaonyesha pa kukata. Petro akanyoosha mkono aupokee msumeno, mzee akamkatalia. Aliinama mwenyewe, kwa shida, mtu wa umri wake na unene wake, akaukata waya mwekundu pande zote mbili za gurudumu. Jasho lilidondoka kwenye kanzu. Alipomaliza alisema, bila kumwambia mtu mahsusi, "Niliona ni mali."

Ncha mbili zikaungwa, transista mpya ikafungwa. Klementi alizungusha swichi tena, na safari hii alibaki ameishika kwa muda mrefu sana, kama mtu aliyeshikilia mlango. Pampu ikavuma. Jua liliteremka, kina mama wakajaza ndoo kwenye bomba la kilimani, wengine wakarudi na kujaza tena, na namba mbili ikabaki namba mbili.

*

Abilahi alirudi kutoka Lindi akiwa amekonda, jicho moja limevilia damu. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kumtoa. Watu walikuja kumpa pole, wakala mihogo aliyopika Mwanasha, wakaondoka. Lakini njiani walikuwa wakiulizana. Sawa, waya tumeuona. Na ile ya chini ya godoro je? Mtu mwema anaficha kitu cha umma chini ya godoro?

Abilahi hakurudi kwenye pampu. Kabla Skolastika hajafunga kasha lake, alikuja zahanati, akasimama mlangoni, akasema anataka kuona.

Skolastika akaweka kaseti, akamwonyesha mstari wa kwanza, ule laini, kisha wa pili. Abilahi aliangalia ule wa pili ukipanda na kushuka mpaka ukavuka kiwango.

"Hapa ndipo inapopasuka?"

"Hapo."

"Na mimi niko wapi?"

"Humu hukuwamo, Mzee Abilahi. Ni umeme tu."

"Lakini kule ofisini nilikuwamo." Alisema bila hasira. "Nilikutazama. Ulijua nilikwambia."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Skolastika alitafuta jibu ambalo lingekuwa kweli na lisimdhalilishe, akakosa. "Sikukuamini," akasema.

Abilahi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu na kukuta kipimo ni kile kile alichokitegemea. "Waliponishuku walinishuku hadharani," akasema. "Ya godoro wananishuku bado. Wewe ndiye shahidi peke yako."

Ijumaa ile Skolastika aliahirisha safari. Alijitanda kanga aliyoazimwa na mke wa Petro, akasimama kando ya barabara mkabala na msikiti, mwanamke Mkristo peke yake juani, akasubiri sala iishe. Wanaume walipoanza kutoka walimkuta pale. Aliwaamkia wazee. Kisha akasema kwamba Abilahi alimwambia siku ya kwanza kabisa, kabla ya kupekuliwa, kwamba ile transista ameihifadhi nyumbani ili aipeleke kwa fundi. Hakuificha. Yeye, Skolastika, aliambiwa, na siku ya halmashauri alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikompeleka mtu Lindi.

Wengine walisikiliza mpaka mwisho. Wengine walipita wakiangalia chini. Klementi, aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli, alishuka, akasimama, akasikia yote.

"Tumekusikia, mwanangu," mzee mmoja akasema hatimaye. Hakusema kama ameamini.

Abilahi alitoka miongoni mwa wa mwisho. Alivaa makubazi yake, akasimama mbele ya Skolastika, akampa mkono kwa mara ya kwanza. Mkono ulikuwa mkavu na haukukaa sana.

Msimu wa korosho ulipokwisha, yeye na Mwanasha walihamia Mitole, upande wa Kilwa, kwa ndugu wa mwanamke, wakalima ufuta. Nangumbwe walipata mhudumu mwingine, kijana mwangalifu, na kwa muda mrefu, kila mto uliponywea na pampu ikawekwa namba mbili, watu waliokuwa karibu na kibanda walisimama kidogo wakasikiliza.